Word ndani ya dirisha la programu nyingine
Programu ya kutunza majina ya washirika inaweza kufungua Word ndani ya dirisha lake, na katibu akaandika barua palepale. Microsoft ilileta njia hiyo, iitwayo OLE, mwaka 1990. Toleo la pili la 1993 ndilo liliruhusu kuandika bila kutoka dirishani.

Lakini tufahamu: Word haikuhamia humo, imeitwa tu kusaidia. Kwenye kompyuta isiyo na Word, barua huonekana kama picha, wala hairekebishiki. Ikiwa imeunganishwa tu na faili ya nje, ukinakili kazi kwenye flashi, faili ile hubaki nyuma.

Kwa hiyo makatibu, kila cheti cha ubatizo kihifadhiwe pia kama faili yake yenyewe, kisha kichapishwe.