Mtoto Akiugua Baada ya Chanjo, Serikali Huchunguza Nini?

Chukua mfano wa mama mmoja wa Gataka, kaunti ya Kajiado. Mwanawe wa miezi tisa amechanjwa asubuhi, chanjo ya surua na rubela tu. Usiku homa inampanda na mwili unakakamaa. Jirani anasema, "Ni ile chanjo." Kesho yake muuguzi anasema, "Chanjo haina neno." Wote wawili wamesema mapema mno. Ukweli hupatikana kwa uchunguzi, na taratibu zake ni zile zile Kajiado na kwetu Pwani.

Hatua ya kwanza ni taarifa. Hapa Kenya hupokewa na Bodi ya Dawa na Sumu, inayoshirikiana na mpango wa chanjo wa Wizara ya Afya. Mhudumu wa afya hujaza fomu, na mzazi pia anaruhusiwa kuripoti mwenyewe. Huulizwa ni chanjo gani, bechi namba ngapi, sindano ilidungwa saa ngapi na dalili zilianza lini.

Tatizo likiwa zito, kama vile kifo, ulemavu au kulazwa hospitalini, wachunguzi hufika kwenye kituo chenyewe. Hukagua jokofu, chupa na sindano. Husoma rekodi za matibabu za mtoto. Huwatafuta pia watoto wengine waliochanjwa siku hiyo kutoka bechi hiyo hiyo, wajue kama nao waliugua.

Kisha kamati ya wataalamu hupima ushahidi. Shirika la Afya Duniani limeorodhesha vyanzo vitano vya kuangaliwa: chanjo yenyewe, kasoro ya kiwandani, kosa la mchanjaji, hofu ya sindano, au ugonjwa mwingine uliosadifiana na chanjo. Hapo ndipo saa na tarehe zinapokuwa na uzito. Homa ya chanjo ya surua kwa kawaida huja kati ya siku ya 5 na ya 12. Homa ya usiku ule ule humfanya mchunguzi aulize kwanza kuhusu malaria au maambukizi mengine. Kutokea baada ya chanjo si lazima kuwe kumesababishwa na chanjo.

Lakini kuna wakati wazazi huwa na haki ya kulalamika. Mei 2017, huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walifariki baada ya kampeni ya chanjo ya surua. Uchunguzi uligundua kwamba sindano moja ilitumiwa kwa watoto wengi kwa siku nne, chanjo haikuhifadhiwa kwenye baridi, na waliochanja hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Dawa yenyewe haikuwa na kasoro. Makosa yalikuwa ya watu. Serikali ya huko ilitangaza matokeo hayo hadharani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Je, fidia? Marekani ina mfuko maalumu tangu 1988, unaochangiwa senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi moja. Familia hulipwa bila kuthibitisha uzembe wa mtu. Kenya haina mfuko wa namna hiyo kwa chanjo za kawaida za watoto. Mzazi hubaki na njia ya mahakama, ambayo ni ndefu na ya gharama. Hili ni pengo ambalo wabunge wetu wanapaswa kuliziba, kwani anayechanja mwanawe huwakinga pia watoto wa jirani.

Kwa sasa, mzazi, mtoto akibadilika mkimbize hospitali kwanza. Kisha andika saa dalili zilipoanza, tunza kile kitabu cha kliniki, na uulize waziwazi: "Mmeripoti?" Ukiona mashaka, ripoti mwenyewe. Taarifa isiyofika kwa Bodi haiwezi kuchunguzwa, na pasipo uchunguzi uvumi ndio utakaobaki, nao utawafanya wazazi wengine wawafungie watoto nyumbani huku surua ikizunguka.