Wingi wa Shakwe Usitudanganye

Anayeshuka asubuhi katika diko la Lamu, Faza au Kizingitini huwakuta shakwe wakigombea matumbo ya samaki, na huenda akaona hakuna haja ya gazeti kuandika habari zao. Ndege yupo, tena anakera. Sisi twaona haja ipo, kwa kuwa hali ya ndege huyu haijulikani dikoni. Hujulikana juu ya vile visiwa vidogo vya mawe vya pwani ya Kiunga, ambako watu wachache hupita, na pengine hupita katika miezi isiyofaa.

Shakwe tumzungumzaye ni yule wa rangi ya masizi: kichwa cha kahawia iliyokoza, ukosi mweupe, miguu ya manjano, na mdomo mnene wenye mstari mweusi na ncha nyekundu. Wataalamu humwita kwa jina la Hemprich, Mjerumani aliyefia Massawa mwaka 1825 katika safari ya kukusanya viumbe wa Bahari ya Shamu. Asichanganywe na yule mkubwa mwenye kichwa cheupe, ajaye na kaskazi kutoka nchi za baridi na kurejea kwao. Yule ni mgeni. Huyu ni mwenyeji. Huzaa Bahari ya Shamu, Ghuba ya Aden, Omani, Pakistani na Somalia, na kwa upande wetu huu wa Afrika mpaka wake wa kusini ni visiwa vya Kiunga. Hapo tena huteremka hadi Mombasa na Dar es Salaam, lakini huko hatagi.

Kuzaa kwake huku kwetu ni baina ya Julai na Oktoba. Hajengi tundu la maana. Huparua kishimo, aghalabu chini ya kichaka au penye kivuli cha jiwe, akataga yai moja hadi matatu. Kivuli hicho si anasa. Ndege wa nchi za baridi hulalia yai ili lipate joto. Huyu wetu, adhuhuri ikifika, husimama juu ya yai na kinda ili kulizuia jua. Mzazi akiondoshwa kwa muda wa mtu kupika chai na kuinywa, kinda lililo wazi juu ya mwamba laweza kufa, ingawa hakuna mkono uliolishika.

Na hapa ndipo macho yetu yanapodanganyika. Shakwe ni ndege wa umri mrefu. Katika jamaa zake wa Ulaya waliovishwa pete wamepatikana walioishi zaidi ya miaka 20. Kinda naye huchukua miaka mitatu hivi kuvaa manyoya ya utu uzima. Ndege wa namna hii akikosa kulea kwa kusi tano mfululizo, bado dikoni tutaona kundi lile lile, kelele zile zile, na tutasema hakuna lililoharibika. Wazee hao wakianza kufa ndipo tutakaposhtuka, na wa kuwarithi watakuwa hawapo. Ni kweli kwamba ulimwenguni shakwe huyu hajaorodheshwa miongoni mwa walio hatarini. Lakini visiwa vya Kiunga si ulimwengu mzima, na wanaozaa hapo ni wachache.

Hatusemi shakwe ni malaika. Ni mwizi. Kwenye visiwa hivyo hivyo huzaa pia buabua, wale ndege wembamba wenye mkia wa panda, na shakwe hupenda mayai na makinda yao. Buabua wakiwa wametulia humkabili kwa pamoja wakamfukuza. Mtu akishuka, wote huruka juu kwa hofu, na shakwe, aliye jasiri kuliko wao, hurudi chini kwanza. Basi mvuvi aliyechukua mayai kumi hudhani amechukua kumi, kumbe amemfungulia mlango mwizi mwingine.

Mvuvi atauliza: hayo yanihusu nini? Yamhusu sana. Nani asiyejua kwamba nahodha wa jodari hutazama ndege kabla ya kutazama maji? Jodari huwasukuma dagaa juu, buabua hukusanyika kuwala, na chombo huelekezwa hapo. Anayekula yai la buabua anakula macho yake mwenyewe.

Pamoja na hayo hatukubaliani na wakuu wanaodhani kwamba kazi ilikwisha mwaka 1979, Hifadhi ya Bahari ya Kiunga ilipotangazwa. Hifadhi ile inaruhusu uvuvi wa jadi, na mvuvi yumo humo kwa haki. Kusi likichafuka, mashua ndogo haina budi kujibanza nyuma ya kisiwa, na watu waliolowa hawana budi kuwasha moto. Kumwambia mtu huyo asishuke popote ni kumwambia azame. Linalotakiwa ni kukaa na manahodha, kisiwa kwa kisiwa, na kukubaliana vipi viachwe kwa ndege kuanzia Julai hadi Oktoba, na vipi viwe vya dago. Kisha alama zisimikwe zinazoonekana kutoka chomboni. Visiwa vipo vipatavyo 50. Vinatosha kugawana.

Jambo la pili ni hesabu. Kusi likianza kulegea mwezi wa Septemba, tungependa kuona mashua moja ya serikali, yenye manahodha wawili wa Kizingitini ndani yake, ikivizunguka visiwa hivyo bila mtu kushuka, na watu wenye darubini wakihesabu makinda badala ya wazazi. Hesabu hiyo ibandikwe madikoni, ili waliokubali kuviacha visiwa wajue wameviachia nini.