Mama, Usiunguze Mawese



Katika 1 Wafalme 17 tunasoma habari za mjane wa Sarepta. Alibaki na unga kidogo na mafuta kidogo. Kwa vitu hivyo viwili Mungu alilisha mama, mtoto wake na nabii Eliya. Alitumia kile kilichokuwa tayari ndani ya nyumba.

Ndani ya nyumba zetu kuna mawese. Lakini wengine kati yetu wanayaacha juu ya moto mpaka wekundu unaisha na jiko linajaa moshi, ndipo wanatia vitunguu. Wanasema wameyasafisha. Kumbe wameunguza faida yake.

Wekundu ule ni karotini, ambayo iko pia ndani ya karoti. Mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hiyo anaanza kutoona vizuri jua likitua: anapapasa sahani, anajikwaa mlangoni. Akiachwa hivyo anaweza kupofuka kabisa, na surua ikimpata inamshika vikali. Moto mkali unaharibu karotini. Mawese yakigeuka meupe, imekwisha.

Basi tufanye hivi. Pasha mawese kwa moto mdogo, tia vitunguu kabla moshi haujatoka. Kwa sombe, tia mawese majani yakikaribia kuiva. Mafuta yanasaidia mwili kupokea vitamini ya majani pia. Mtoto aliyetimiza miezi 6 na kuanza kula, umtilie kijiko kidogo ndani ya uji au maharagi yaliyopondwa. Bidoni ifunikwe, ikae mbali na jua.

Lakini kiasi ni hekima. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina ile inayoganda wakati wa baridi, nayo yakizidi yanaweza kudhuru moyo. Mwenye ugonjwa wa moyo au tansio afuate shauri la daktari. Na mafuta yaliyokwisha kukaangia mara nyingi yamwagwe.

Neno la mwisho kwa wazazi. Mtoto asiyeona jioni si mchawi, wala hakulogwa. Asipigwe, asifungishwe chakula, maana chakula ndicho anachokosa. Mwombee, kisha umpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Vitamini A iko kule, na mtoto akiipata mapema, macho yake yanapona.

Mungu abariki majiko yetu.