Kabla ya kuuza vyombo vya marehemu, vigeuze uone chini

Wiki hii watu wawili wameniuliza jambo moja: nyumba aliyopanga marehemu inarudishwa kwa mwenyewe, vyombo vimejaa ndani, wafanyeje? Nawajibu hapa kwa pamoja, kwani mwaka jana yalinifika mimi.

Mamangu, Rabbi amrehemu, alikaa nyumba moja Mji wa Kale, Mombasa, zaidi ya miaka 30. Alipofariki tukapewa hadi mwisho wa mwezi tuwe tumetoka. Mimi na dada zangu wawili, hakuna mwenye nafasi ya makabati manne. Tukakubaliana kuuza pale pale nyumbani, Jumamosi na Jumapili.

Kukubaliana ndiko kwa kwanza. Mtu akifa, kila kijiko chake ni cha warithi wote, si cha yule aliyebaki na ufunguo. Kwa hivyo tulikaa chini na daftari, tukaandika kila kitu, na anayetaka kitu akatwe kwenye fungu lake. Pesa zilizopatikana ni 54,200. Gharama za maziko tulikuwa tumeshalipa, lakini mama alidaiwa 6,200 dukani, na deni hutangulia urithi. Wasia hakuacha, angeacha, usingezidi thuluthi ya kilichobaki baada ya deni. Babangu na wazazi wa mama walikwisha kutangulia, basi zile 48,000 zikagawanywa mafungu manne: mimi mawili, 24,000, na kila dada moja, 12,000. Kama nyinyi mna warithi wengine, hesabu itakuwa nyingine. Muulizeni sheikh au kadhi kabla ya kuuza, si baada ya kugombana.

Kuuza kwenyewe si kazi ngumu. Toeni vitu barazani na mfunge vyumba, maana kuna wanunuzi na kuna wanaokuja kuona tu marehemu aliacha nini. Nguo zifuliwe, na mifuko ikaguliwe; sisi tulikuta hati ya kuzaliwa ya dadangu ndani ya buibui kuukuu. Cha umeme kichomekwe mnunuzi akiona. Friji yetu ilikuwa ikigandisha upande mmoja tu, nikaandika hivyo kwenye karatasi nikaibandika mlangoni. Nilipunguziwa 2,000 kwa karatasi ile. Lakini dini imekataza kuficha aibu ya bidhaa, na aliyeinunua ni jirani ninayeswali naye Ijumaa. Malipo ya M-Pesa yaende simu moja tu, na dada mwingine aandike.

Asubuhi na mapema huja wachuuzi, wanataka vingi kwa bei ya kutupa. Wavumilieni hadi alasiri. Hapo ndipo jirani anapokuja kutafuta kitu kimoja, kinu au mbuzi ya kukunia nazi, na hulipa vizuri.

Mimi sikuvumilia. Jumapili karibu na magharibi nilikuwa nimechoka, na jikoni limebaki rundo la masufuria, birika zilizotoboka na masinia. Akapita mnunuzi wa vyuma kuukuu na mizani yake. Nikampimia rundo zima kwa kilo, akasukuma mkokoteni akenda zake.

Siku ya tatu akaja bibi mmoja wa mtaa wa pili, kwa upole kabisa, kuulizia sinia lake la shaba. Alimwazima mama kwa harusi ya mjukuu. Nani asiyejua kwamba huku kwetu vyombo huzunguka kwa shughuli, na ndiyo sababu kila mwenye chombo hutia alama ya rangi chini? Najua tangu utotoni. Sikugeuza hata kimoja.

Nilimtafuta yule mtu wa mizani hadi Majengo nikampata. Mzigo ulikuwa umeshapakiwa lori jana yake. Nikataka kumlipa bibi, kutoka fungu langu, si la dada zangu, kwani kosa ni langu. Akakataa. Sinia lile alipewa na mamake siku alipoolewa.

Basi mwenye kuuza wiki hii, geuza kila chombo, na mwenye alama apelekewe chake kwanza. Na ukikuta mahali sinia la shaba, pana, lina nukta mbili za rangi ya kijani chini, usiliache lipimwe kilo. Nijulishe, nitalinunua kwa bei utakayotaja.