Video Inapogoma: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu Katika Kompyuta za Linux

Mwalimu mmoja wa biolojia katika shule ya sekondari ya bara alitueleza shida yake kwa maneno machache: "Kompyuta ninazo kumi na mbili, hadubini ninayo moja, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne hawajapata kuiona seli ikigawanyika." Filamu aliyoitaka ilipatikana katika intaneti bila malipo. Lakini kila alipoibonyeza, mahali pa picha palitokea mraba mweusi wenye maandishi kwamba hakuna video ya muundo unaokubalika. Fundi mmoja alimshauri aifute Linux yote na kuweka mfumo mwingine ulionakiliwa pasipo leseni. Mkuu wa shule naye alikwisha anza kuandika barua ya kuomba kompyuta mpya.

Kumbe kompyuta zile hazikuwa na ubovu wo wote. Katika makala haya tutaeleza kwa nini video hugoma katika mfumo huria kama Linux, na jinsi mtu awezavyo kukitafuta chanzo kwa utaratibu wa kisayansi badala ya kubahatisha.

Kasha na kilichomo

Kwanza yafaa tufahamu video ni kitu gani. Tuchukue picha yenye nukta 1,280 kwa upana na 720 kwa kimo. Jumla ni nukta 921,600. Kila nukta ikiandikwa kwa baiti 3 za rangi, picha moja huhitaji baiti 2,764,800. Picha 25 kwa sekunde ni zaidi ya baiti milioni 69, na filamu ya dakika 10 ingehitaji baiti bilioni 41 na ushei. Hapana shule iwezayo kupokea mzigo huo kwa intaneti ya kawaida.

Kwa sababu hiyo video husindikwa. Kanuni ya kuisindika na kuifumua huitwa kodeki. Badala ya kueleza kila picha upya, kodeki hueleza zaidi yale yaliyobadilika kati ya picha na picha. Filamu ile ile ikisafirishwa kwa biti milioni 2 kwa sekunde, yaani baiti 250,000, dakika 10 huchukua baiti milioni 150 tu. Hizo ni chini ya sehemu moja kwa mia mbili na hamsini ya mzigo wa kwanza.

Faili ya video, basi, ni mfano wa kasha. Jina la mwisho, kama vile MP4 au WebM, latutajia kasha. Kodeki ni lugha ya barua iliyomo ndani. Mara nyingi kasha la MP4 hubeba picha za kodeki ya H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003. Kasha la WebM, lililotangazwa na Google mwaka 2010, hubeba kodeki zilizo huru kama VP8 na VP9. Asiyejua lugha ya barua hatafaidika kwa kulifungua kasha.

Enzi ya programu-jalizi

Vivinjari vya katikati ya miaka ya 1990 havikuwa na uwezo wa kuonyesha video vyenyewe. Ilibidi viongezewe programu-jalizi, yaani programu ndogo inayochomekwa ndani ya kivinjari ili kukipa uwezo kisichokuwa nao. Iliyovuma kuliko zote ni Flash, iliyotolewa na Macromedia mwaka 1996 na kuingia mikononi mwa Adobe mwaka 2005.

Watumiaji wa Linux waliteseka sana kwa Flash. Mfumo wao ulikuwa na msimbo ulio wazi kwa kila mtu, ilhali msimbo wa Flash ulikuwa siri ya kampuni. Kasoro ilipotokea, hakuna mtaalamu wa nje aliyeweza kuifungua na kuitengeneza. Aidha, programu-jalizi za namna hiyo zilikuwa mlango wa wavamizi. Chrome iliondoa njia ya zamani ya programu-jalizi mwaka 2015; Firefox ikafuata mwaka 2017, ikiibakiza Flash peke yake. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe iliacha kuitegemeza Flash, na tarehe 12 Januari 2021 programu hiyo ikaanza kukataa kuonyesha cho chote.

Badala yake kiwango cha HTML5, kilichokamilishwa mwaka 2014, kimekifanya kivinjari chenyewe kuwa na mahali pa video. Lakini kiwango hicho hakikulazimisha kodeki moja. Ubishi ulitokana na hataza: H.264 imezungukwa na haki za wavumbuzi wengi, na baadhi ya watengenezaji wa mifumo huria hawakutaka kuigawa bila ruhusa. Hapo ndipo mraba mweusi ulipozaliwa.

Njia ya uchunguzi

Tabibu mwema hatoi dawa kabla ya kupima. Vivyo hivyo, mchunguzi wa kompyuta abadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na aandike matokeo.

Kwanza, aangalie kama ukurasa unadai Flash. Ukidai, umepitwa na wakati. Kamwe asipakue kitu kinachojitangaza kuwa "Flash mpya". Matangazo hayo ni chambo cha walaghai. Atafute toleo jipya la somo lile, au ajaribu Ruffle, programu huria iwezayo kuonyesha kazi nyingi za Flash ya zamani.

Pili, afungue video mbili katika kivinjari kile kile, moja ya WebM na nyingine ya MP4. Wikimedia Commons ina video nyingi za WebM. Firefox hubeba ndani yake kodeki ya VP9, lakini katika Linux kwa kawaida huazima kodeki ya H.264 kutoka katika maktaba ya mfumo iitwayo libavcodec, sehemu ya mradi wa FFmpeg. Kwa hiyo WebM ikicheza na MP4 ikagoma, kwanza ishukiwe maktaba hiyo. Zikigoma zote mbili, chanzo ni kingine.

Tatu, akianzishe kivinjari katika hali yake ya utatuzi, ambayo huzima viongezo vyote kwa muda. Video ikicheza, huenda mkosaji ni mojawapo ya viongezo.

Nne, ajiulize kama filamu imefungwa kwa kufuli la haki za kuuza. Filamu hizo huhitaji programu-jalizi ya Widevine, ambayo Firefox huiomba idhini mtumiaji kabla ya kuiwasha.

Tano, video ikicheza kwa kukwama-kwama, kodeki ipo, bali nguvu ndiyo haba. Ukurasa wa about:support huonyesha kama kivinjari kinatumia kipande cha mashine kilichoundwa kufumua video, au kama kazi yote imeachiwa kichakato kikuu.

Yaliyotokea shuleni

Katika shule tuliyoitaja, jaribio la pili lilitoa jibu kwa dakika tano. WebM ilicheza, MP4 ikagoma. Aliyeiweka Linux ya jamii ya Debian katika mashine zile alibana nafasi ya diski kwa kuacha vifurushi vya ziada, na libavcodec ilikuwa miongoni mwa vilivyoachwa. Tukaandika amri mbili:

sudo apt update
sudo apt install libavcodec-extra

Mashine saba zilitii. Nne zilikataa amri ya kwanza, zikidai kwamba orodha ya vifurushi haijaanza kutumika! Mwanafunzi mmoja ndiye aliyegundua kwamba saa za mashine hizo zilisoma mwaka 2012. Betri ndogo iitwayo CR2032, mfano wa sarafu, ilikuwa imekufa, na mfumo haukubali orodha yenye tarehe ya mbele ya saa yake. Saa ziliporekebishwa, amri zilipita. Betri nne mpya zilinunuliwa dukani siku iliyofuata.

Mashine ya kumi na mbili ilipata kodeki, lakini ilikwama-kwama kwa uzee wa kichakato. Tuliipunguzia picha hadi nukta 854 kwa 480, yaani 409,920, ambazo ni chini ya nusu ya zile za mwanzo. Ikacheza; si kwa uzuri kama wenzake, lakini kromosomu zilionekana zikijipanga katikati ya seli na kuvutwa kuelekea ncha mbili. Barua ya mkuu wa shule haikupelekwa.

Fundisho

Lau mwalimu angefuata shauri la fundi, angepoteza mfumo halali, na betri zilizokufa zingebaki pale pale kumsumbua. Ushauri wa kufuta yote haukuwa na swali ndani yake. Jaribio la video mbili lilikuwa na swali moja lenye majibu mawili.

Walimu wa fizikia na hisabati wanaweza kulitumia jambo hili darasani. Wanafunzi wapige hesabu ya mzigo wa filamu ya dakika 5 yenye nukta 1,920 kwa 1,080 na picha 25 kwa sekunde, kisha waulinganishe na ukubwa wa faili halisi ya urefu na vipimo hivyo. Halafu waeleze: je, filamu ya maji yanayochemka na filamu ya mwalimu aliyesimama ubaoni zitasindikika sawasawa? Jibu walihakikishe kwa kupima, wasilikisie.