Mpango wa Uzima Uandikwe na Mgonjwa Mwenyewe

Anayeishi na ugonjwa wa akili Makongeni ya Thika au Kihunguro ya Ruiru humwona daktari kwa dakika chache anapoenda kliniki kuchukua dawa. Siku zote zilizobaki yuko na ugonjwa wake: kazini, kwenye matatu, kanisani, usiku kwenye chumba cha kukodi. Mpango wa uzima huandikwa kwa ajili ya siku hizo, na unafaa kuandikwa na mwenyewe, akiwa mzima.

Mfumo unaojulikana zaidi ulianzia Vermont, Marekani, mwaka 1997, miongoni mwa watu waliokuwa wameugua wao wenyewe. Aliyeueneza ni Mary Ellen Copeland. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo wa aina hiyo mwaka 2019. Kinachohitajika ni daftari na kalamu tu. Unaeleza ulivyo ukiwa mzima na yale unayofanya kila siku ili ubaki hivyo. Kisha unaandika vichochezi vyako, dalili za mapema, na yale yatakayofanywa mambo yakiharibika.

Vichochezi ndivyo watu huvipita haraka, ilhali hapo ndipo penye kazi. Chukua usingizi. Thika na Ruiru zina viwanda, na viwanda vina shifti ya usiku. Kwa mwenye baipola, kukosa usingizi siku kadhaa mfululizo kunaweza kumrudisha kwenye ugonjwa: mawazo yanaenda mbio, maneno hayaishi, pesa za kodi ya nyumba zinagawiwa watu barabarani. Shifti hizo zikifuatwa na kesha la Ijumaa kanisani, hatari inazidi. Kuandika "nitalala vya kutosha" hakumsaidii. Aandike hivi: "Nisipolala usiku wa pili mfululizo, sitaenda kesha. Nitampigia dada yangu, na asubuhi nitaenda kliniki bila kungoja tarehe yangu."

Dalili nazo ziandikwe kwa maneno ya mwenyewe, si ya kitabu cha daktari. Mmoja huanza kupigia watu simu saa nane usiku. Mwingine huomba mikopo ya simu mfululizo, mwingine huacha kuoga, au huhisi makanga na abiria wanamsema yeye. Hakuna muuguzi anayeweza kukutungia orodha hiyo.

Ukurasa mgumu ni ule wa siku utakayokuwa huwezi kujiamulia. Andika apigiwe nani, na nani asipigiwe hata akiwa ndugu wa damu. Taja dawa iliyokusaidia na ile iliyokudhuru. Nani atachukua watoto shuleni? Nani atazungumza na msimamizi kazini? Naujali ukurasa huu kuliko mwingine wowote, kwa sababu wagonjwa wengi hufungwa kamba na kupakiwa kwenye gari na jamaa waliojaa hofu, wasiojua la kufanya. Marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya yalitambua haki ya mgonjwa kuridhia matibabu na kumchagua mtu wa kumsaidia kufanya maamuzi. Mtu huyo atakusaidiaje kama hajui unachotaka?

Si lazima kuandika peke yako. Shirika la Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, lililoanzishwa na watu wanaoishi na magonjwa haya, huendesha makundi ambako wenzao husaidiana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitaja kazi ya kundi lao la Nairobi kama mfano mwema. Aliyewahi kulazwa hukuuliza maswali ambayo mtu wa nyumbani huona haya kuuliza.

Mpango huu hauchukui nafasi ya dawa. Utafiti uliofanywa Ohio na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa waliojifunza mfumo huo walipungukiwa na dalili na kupata tumaini zaidi. Uchambuzi wa baadaye wa tafiti kadhaa uliona faida katika jinsi watu wanavyojiona wakipata nafuu, si katika dalili zenyewe. Kwa hiyo usiache vidonge kwa kuwa una daftari.

Ukiugua tena na kupona, lifungue upya. Futa jina la aliyekuwa mteja kila alipopigiwa, ongeza dalili ambayo hukuijua. Kisha toa nakala ya ukurasa ule mgumu pale saiba, umpelekee utakayempigia, na uusome naye mkiwa mmeketi.