Chupa za Oili za Fundi wa Gitting

Gia ya pili ndiyo iliyonifikisha kwake. Nilipanda Gitting, wilayani Hanang, kufuata habari ya bei ya ngano, nikiwa na pikapu ya kukodi, Hilux ya dizeli iliyokwisha kupakwa rangi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukisia. Asubuhi ile baridi ya mlima ilikuwa kali na ukungu ulikuwa umeufunika Mlima Hanang hadi kiunoni. Kila nilipotoka gia ya kwanza kuitafuta ya pili, mkono wa gia uligoma, halafu chini ya miguu kukatoka mkwaruzo wa kutia uchungu, kama jembe linapokutana na mwamba. Kijana wa bodaboda niliyemsimamisha alinielekeza kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara.

"Kuna mzee pale," alisema. "Ila atakuuliza maswali."

Aliuliza kweli. Gia inagoma asubuhi tu, au hata gari likishapata moto? Mlio unausikia ukikanyaga klachi au ukiiachia? Kwenye mteremko unashuka na gia au unaweka nyutro? Nilijibu nilivyoweza. Yeye alikuwa ameshatandika gunia na kuingia chini ya gari na spana namba 24, na nati ya kwanza kuifungua haikuwa ile ya kumwagia oili. Alianza na ya juu, ya kujazia.

"Vijana wanakimbilia ya chini," sauti yake ilitoka uvunguni. "Haya, umeshamwaga, ya juu imeshikwa na kutu, haitoki. Utajazia wapi, mwanangu? Gari limelala hapa, mwenye mzigo analia."

Ningeweza kuondoka na oili mpya na habari yangu ya ngano. Lakini oili ilipoanza kushuka, nyeusi na bado ya moto, mzee aliacha mkondo uende kidogo, kisha akakinga chupa. Ilikuwa chupa ya Konyagi ya kioo cheupe, imeoshwa ikatakata. Aliijaza nusu, akaifunga, akaiweka kivulini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Nikamuuliza ya nini. Akafuta mikono, akanipeleka nyuma ya kibanda.

Kuna mbao nne zimepigiliwa ukutani, na juu yake zimepangwa chupa. Nilihesabu 43 kabla jua halijapiga kioo na kunipotezea hesabu. Kila moja ina utepe wa karatasi ulioandikwa kwa kalamu ya risasi: mwezi, mwaka, na gari kwa jina linalojulikana pale mtaani. Ile ya shule. Nyeupe ya viazi. Ya mama wa duka. Nyuma ya baadhi ya chupa kuna vipande vya karatasi ya daftari vilivyokunjwa, na ndani yake doa la kijivu. Hakuna palipoandikwa kilomita.

"Kilomita za nini?" aliniuliza. "Hapa pikapu nyingi waya wa spidi ulikatika zamani. Nyingine namba zilirudishwa nyuma kabla gari halijafika kwetu. Kuna moja naihudumia miaka kumi sasa, kila ikija inaniambia imetembea laki moja na themanini. Nisimame na nini?"

Anasimama na chupa. Nati ya chini ya giaboksi ina sumaku kwenye ncha yake, na sumaku hukamata chuma kinacholika kwenye meno ya gia na beringi. Ila ndani ya giaboksi ya mkono kuna pia ringi za shaba, zile zinazosawazisha kasi ya gia mbili kabla hazijashikana, ndiyo maana gia huingia bila kelele. Shaba haikamatwi na sumaku. Fundi anayeangalia nati peke yake anaona nusu ya habari. Kwa hiyo mzee huipangusa nati kwenye karatasi nyeupe, na oili huiacha itulie kwenye chupa siku tatu. Chuma kinasomeka kwenye karatasi. Shaba inashuka yenyewe.

Alinishushia chupa moja baada ya nyingine, akiinamisha kila moja taratibu kuelekea mwangani. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya asali iliyokomaa, chini yake utando mwembamba. "Hii ina afya." Ya pili ilikuwa na mchanga wa dhahabu kitakoni, unaometa kwa uzuri ambao nilijikuta nikiusifu kwa sauti. Mzee alitikisa kichwa. Uzuri ule ulikuwa ringi ya gia ya pili ikiisha. Ya pili huwa ya kwanza kufa kwenye gari la mizigo, alieleza, kwa sababu ndiyo inayoitwa kila mara: kutoka shambani, kwenye tope, kwenye kona ya mlima, na mara nyingi dereva anairudia gari likiwa bado na kasi. Ya tatu ilikuwa na vipande bapa, vidogo kama magamba ya dagaa. Hizo ni beringi zinazobanduka. Karatasi yake ilikuwa na mistari mikali badala ya ule uji laini wa kijivu ambao mzee anauita wa kawaida.

"Uji sina shida nao. Chuma na chuma vikisuguana lazima viache unga. Nikikuta sindano, au kipande nikakishika kwa vidole, hapo ninamwita mwenyewe aje aone kwa macho yake. Maneno yangu peke yangu hayatoshi, atadhani natafuta hela."

Kisha akafika kwenye chupa ambayo hakuiinamisha. Ndani yake kulikuwa na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Utepe ulisema Desemba 2023. Wasomaji wa Manyara hawahitaji kukumbushwa asubuhi ya tarehe 3, maporomoko yalipotoka mlimani na tope, mawe na magogo vikaufunika upande wa Katesh na Gendabi, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Pikapu iliyotoa oili hiyo ilibeba watu siku kadhaa, ikiingia kwenye maji na tope huku giaboksi ikiwa ya moto. Giaboksi ya moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta kutoka nje. Kipumulio, yaani tundu la hewa la giaboksi, kikiwa kimezibwa na matope, maji hupitia kwenye sili. Mwenye gari hakuleta gari hadi kazi ilipoisha.

"Nilimwaga mara tatu ndipo ikatoka safi," mzee alisema. "Sikumtoza." Akairudisha chupa mahali pake na tukanyamaza kidogo.

Ya mwisho aliyonionyesha siku hiyo ilikuwa na vipande vya njano vinavyoelea. Nilidhani ni nta. Ni maranda ya mbao. Ni ujanja wa kale wa wauza magari duniani kote: giaboksi inayonguruma ukiitia maranda hutulia, na hutulia kwa muda unaotosha mnunuzi kulipa. Mkulima mmoja aliuza mazao ya msimu mzima akanunua pikapu hiyo. Kwa mzee ilifika ikiwa imekwama gia ya tatu.

Kuhusu tiba, mzee hana siri. Oili hubadilishwa gari likiwa na joto, ili uchafu utoke nayo. Kujaza ni hadi oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu, gari likiwa limesimama sawa, si kwenye mwinuko kama wengi wafanyavyo hapa. Hahesabu kilomita, anahesabu misimu: mara moja mvua zikikata, mara moja mavuno yakiisha kubebwa. Kipumulio husafishwa kila safari. Anawagombeza madereva wanaolaza mkono juu ya gia njia nzima, kwa kuwa uzito huo hula uma unaosukuma gia huko ndani. Mlio unaokoma ukikanyaga klachi ni beringi ya mbele ya giaboksi; unaoanza ukikanyaga ni ile ya klachi yenyewe, nayo ni nafuu kuliko nyingine.

Jambo moja lilimfanya apandishe sauti. Dukani watu huomba "oili namba 90" na kupewa yoyote. Lakini namba hiyo ni unene tu. Nyuma ya galoni kuna maandishi mengine, GL-4 au GL-5, na hii ya pili ina dawa nyingi zaidi ya salfa na fosforasi, iliyokusudiwa hasa meno ya difu yanayosuguana kwa nguvu. Kwa difu ni sawa kabisa. Kwa ringi za shaba, mzee anaamini dawa hiyo inazila, hasa giaboksi ikichemka na mzigo. Kuna giaboksi ambazo watengenezaji wanaruhusu zote mbili, nilimwambia. "Wanaruhusu ikiwa mpya," alijibu. "Mimi naletewa zilizochoka."

Nilimuuliza kama kuna mtu amewahi kuja kuziangalia chupa kabla ya kununua gari. Akakaa kwenye tairi.

"Mmoja tu angekuja," alisema. Miaka kadhaa nyuma, mteja wake wa siku nyingi aliuza pikapu kwa mtu wa mbali. Mnunuzi alipita hapa hapa kibandani kununua krosi ya propela. Mzee alijua giaboksi ile haina msimu mwingine. Chupa yake ilikuwa ukutani, imejaa magamba. Mnunuzi hakuuliza. Muuzaji alikuwa amesimama pale pale, jirani, mtu wa kuzikana. "Ningesema nini?" Hakuwa ananiuliza kwa kupamba mazungumzo. Alisubiri nijibu, na sikuwa na jibu. Hajui gari lile liliishia wapi.

Siku ya tatu nilirudi kutoka Katesh. Gia ya pili ilikuwa ikiingia bila ugomvi, ila asubuhi na mapema bado ilinung'unika. Mzee alikuwa ameshaiinamisha chupa yangu. Kitako chote kilikuwa cha dhahabu.

Nilimpigia mwenye gari, nikamweleza kwa kirefu: shaba, ringi, msimu mmoja labda.

"Linatembea?" akauliza.

"Linatembea."

"Basi lirudishe Ijumaa, kuna mtu anakuja kuliona."

Mzee alisikia yote. Simu yangu ina sauti kubwa. Alichukua kalamu ya risasi, akaandika mwezi na mwaka, kisha akaniangalia, akisubiri nimwambie aliite gari la nani.